Lidudu lenye fuvu mgongoni huko Mabawa: sio mtu katumwa, ni mwizi wa asali

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelikuta leo alfajiri, nikalisoma mara mbili, na zile picha tatu nimezivuta weee mpaka simu imepata moto. Nakujibu kwa urefu kidogo manake kila mwaka vuli ikishapiga mvua zake za mwanzo lazima atokee mtu wa kuniuliza mdudu huyuhuyu, na wote wanakuwa wameshtuka vilevile kama wewe.

Nirudie ulichoandika ili na wengine wanaosoma wajue tunaongelea nini. Uko Mabawa, hapahapa Tanga mjini (yaani mdudu mwenye mabawa mapana kuliko kiganja kaamua kwenda kushukia Mabawa, hapo sina la kuongeza). Jana mvua ilipokatika, saa nne usiku, umetoka uani kumalizia vyombo ukakuta lidudu limeganda ukutani juu ya karo, jeusijeusi, nene kama kidole gumba cha mwanaume, na mgongoni lina picha ya fuvu la mtu, macho mawili na taya. Ukalisukuma na fagio likalia "chwiii" kama panya aliyebanwa na mlango, likadondoka kwenye sementi, fagio ukalitupa ukakimbia ndani. Mama mkwe akasema huyo katumwa, mmwagieni mafuta ya taa. Jirani akaongeza kwamba ungaunga wa mabawa yake ukimwingia mtoto machoni anapofuka. Baba watoto ndo akatoka akamfunika na beseni, na mpaka unaniandikia alikuwa bado yuko chini ya beseni. Unauliza ni mdudu gani, ana sumu au hana, na umfanye nini.

Haya. Huyo ni nondo. Jina lake la kisayansi ni Acherontia atropos. Hana sumu, haumi, hana mwiba, hana manyoya ya kuwasha, na hajatumwa na mtu yeyote, labda na njaa yake mwenyewe. Beseni usilifunue mchana huu, acha mpaka jioni, ntakuambia kwa nini huko mbele, ila lisogeze kivulini kama jua linalipiga, asije akaiva.

Kwanza hili neno nondo, manake najua ukitoka hapa utaenda kulitafuta kwenye simu na simu itakuletea bei ya nondo za milimita 12 na mifuko ya saruji. Vijana nao mtu akiongea point nzito wanasema kashusha nondo. Na wazee wetu wakisikia nondo wanawaza kile kidudu kinachotoboa nguo sandukuni, kile cha "nondo na kutu" kwenye Biblia. Kile cha nguo ni kijitu kidogo cha rangi ya mavumbi, na kinachokula nguo ni mtoto wake sio chenyewe. Huyu wa kwako ni nondo pia lakini undugu wao ni wa mbali sana, kama wewe na Waziri Mkuu wa Japani, binadamu wote basi. Khanga zako ziko salama. Kwa kifupi vipepeo wote wa usiku ni nondo, na ni wengi kuliko hawa wa mchana tunaowasifia, wa mchana duniani ni kama aina 18,000 hivi na wa usiku waliokwishapewa majina wanazidi 120,000. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimeona nondo" ni sawa na kuniambia nimeona mtu mtaani Ngamiani. Nani sasa?

Nimemjuaje? Utashangaa nikikwambia fuvu ndo kitu cha mwisho nilichoangalia. Nina sababu. Miaka ya nyuma mwalimu mmoja wa Pangani alinitumia picha ya nondo mkubwa, imepigwa na flashi kwa karibu, mgongoni kuna kitu kama uso, mimi kwa kujiamini nikamjibu palepale ni Acherontia. Wiki iliyofuata akanitumia nyingine ya mdudu yuleyule amekauka, kafungua mabawa, nikaona tumbo lina michirizi ya pinki. Aibu tupu. Alikuwa nondo wa viazi vitamu, Agrius convolvuli, na ule uso ulikuwa kivuli cha flashi na macho yangu yanayopenda kuona nyuso. Tangu siku ile fuvu naliweka kiporo, naanza na vitu ambavyo havinitishi.

Naanza na ukubwa. Kwenye picha ya tatu kuna kiberiti karibu naye, na kwa jinsi kilivyolala upande naona kabisa hukukiweka, ulikirusha ukakimbia, lakini kimenisaidia sana. Kiberiti cha kawaida ni sentimita 5 hivi. Mwili wa huyu unakizidi kidogo, na bawa la mbele lililokunjwa nalo linakizidi. Akiyafungua yote mawili unapata sentimita 11, 12, anaweza kufika hata 13. Nondo wa ukubwa huo mwenye mwili mnene uliochongoka nyuma kama risasi na mabawa membamba marefu ya kurushia kasi, huyo tayari nimeshajua ukoo wake ni Sphingidae, na ukoo huo wote duniani una aina kama 1,500 tu. Ona tulivyopunguza. Kuna lingine kubwa linalozoea kuingia ndani kwetu huku pwani, la rangi ya kahawa lenye jicho kubwa kila bawa la mbele na mstari mweupe umekatiza, Cyligramma latona, watu huwa wanalichanganya na hili, lakini lile ni pana na bapa kama chapati, likitua ukutani limejitandaza lote. La kwako limekunja mabawa kama paa la kibanda.

Kisha ile picha ya pili. Imetoka na ukungu kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, nakuelewa, lakini ndo picha bora kuliko zote, manake hapo ulikuwa umemgusa na fagio na yeye akainua mwili, akashusha mabawa ya mbele, akaonyesha yaliyofichwa chini. Mabawa ya nyuma ya manjano, manjano ya embe lililoiva, yana mikanda miwili myeusi. Tumbo nalo la manjano lina pete nyeusi kama nyigu, na katikati kutoka juu mpaka chini kuna mchirizi wa kijivu wenye ubluubluu. Huyo sio Agrius, Agrius angekuwa na pinki. Hapo ndo nikarudi picha ya kwanza nikajiruhusu kuangalia mgongoni: fuvu lipo, limekaa pale kati ya mabawa, rangi ya mchanga, matundu mawili ya macho na kitu kama taya chini. Duniani wenye fuvu hilo ni watatu, wawili wanaishi Asia, na bara letu la Afrika lina mmoja tu. Kwa hiyo hapo hamna mjadala.

Na ule mlio nao ungetosha peke yake. Panzi na nyenje wakilia wanasugua viungo vya mwili, huyu halii hivyo, huyu analia kwa mdomo kabisa, kwa kuvuta pumzi na kuitoa. Umeshaona kodiani la taarab? Mpigaji akilivuta linatoa sauti na akilibana linatoa sauti nyingine. Ndo hivyohivyo. Ndani ya kichwa chake kuna kijifuko, akikipanua hewa inaingia kwa nguvu kupitia ule mrija wa kunyonyea, pale mlangoni kuna kijigamba kinatikisika haraka haraka, kinatoa ule mkwaruzo, halafu anakibana hewa inatoka inapiga kama kafilimbi. Mkwaruzo, filimbi, mkwaruzo, filimbi, kwa kasi ambayo sikio letu linasikia "chwiii" moja tu. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walimrekodi kwa video za kasi sana na kumchungulia ndani ya kichwa wakaeleza mtambo wote. Anafanya hivyo akishtushwa ili anayetaka kumla ashtuke yeye. Na kwa maelezo yako ya fagio naona dawa imefanya kazi.

Sasa asali. Hii ndo habari yake naipenda kuliko zote. Nondo wengi wa ukoo huu wana mrija mrefu wa kunyonyea nekta, yale maji matamu ya maua, yule wa viazi niliyemtaja mrija wake ukiukunjua unapita urefu wa mwili wake, anasimama hewani mbele ya ua kama helikopta na kunyonya kwa mbali. Mipapai yetu hii kazi ya kuchavushwa usiku inafanywa na nondo wa ukoo huu, walishafuatilia hilo hapo Kenya, kwa hiyo ukila papai ujue kuna nondo alikesha. Lakini huyu wa fuvu mrija wake ni mfupi, haufiki hata sentimita 2, mnene, mgumu, umechongoka. Maua yenye koo refu hayawezi. Kilichobaki ni kuchoma. Anachoma nini? Nta ya nyuki. Usiku anaingia kwenye mzinga, anatembea juu ya masega katikati ya nyuki elfu kadhaa, anatoboa kijichumba, anafyonza asali, anahamia kingine.

Utauliza nyuki wanamwachaje. Ngozi yake ni nene, hilo moja. La pili mwaka 1991 ilitoka taarifa ya watafiti waliopima mafuta yaliyoko juu ya mwili wake wakakuta mchanganyiko unaofanana na ule wa nyuki wenyewe. Nyuki gizani hatambui sura, anatambua harufu. Kwa hiyo huyu bwana anaingia mzingani kama yule mtu anayeingia harusini bila kadi kwa sababu kajishonea kitenge cha sare ya kamati, mlangoni hakuna anayemuuliza, anakaa meza ya mbele, anakula pilau. Ila siku nyingine anashtukiwa. Mimi niliwahi kufungua mzinga huko Handeni na mzee mmoja mfugaji, tukakuta kitu kimelala sakafuni mwa mzinga, kimefunikwa gundi nyeusi ya nyuki mpaka kinang'aa kama kimepakwa vanishi. Tukakibandua na kisu. Ndani fuvu hilo linatuangalia. Nyuki walikuwa wamemuua, na kwa kuwa hawana nguvu ya kumbeba kumtoa nje wakamzika palepale kwa gundi ili asiwaozee. Mzee wa watu alicheka mpaka akakaa chini, akasema "huyu mgeni kazidisha kula".

Kwa hiyo mwanangu chungulia kwenye mabati ya jirani au kwenye ule mti wowote wenye tundu hapo mtaani, ukikuta nyuki wanaingia na kutoka basi umeshajua alikuwa anaenda wapi au anatoka wapi.

Ila mimi sidhani kama asali pekee ndo imemleta kwako, na hapa turudi tena kwenye picha ya tatu. Wewe ulikuwa unapiga picha mdudu. Mimi nimeangalia nyuma ya mdudu. Nyuma yake pembeni kushoto kuna ua la makuti na juu ya makuti kumetambaa asmini, umechanua, tena mzuri. Chini ya asmini kuna sufuria kuukuu ina mche wa ngogwe (nyanya chungu). Mwanangu, hapo umemwandalia nyumba! Watoto wa huyu nondo chakula chao ni majani, na wanapenda hasa ukoo wa biringanya, ngogwe, nyanya, viazi mviringo na tumbaku, na wanakula asmini, na wanakula ufuta. Jike linatafuta majani hayo gizani kwa harufu, linabandika yai moja hapa, linaruka, linabandika lingine kule. Wewe unalea asmini kwa ajili ya kikuba cha kuvaa, yeye anaona hosteli ya wanawe.

Kiwavi wake ukikikuta utapiga kelele kuliko za jana, nakuandaa mapema. Kinafika sentimita 12, kinene kama kidole, kuna cha manjano, cha kijani na cha kahawia, vyote ni vya aina moja, cha manjano na cha kijani ubavuni vina michirizi ya mshazari ya bluu au zambarau, na vyote nyuma mkiani vina kijipembe kilichojikunja. Hakina manyoya hata moja. Hivi viwavi vya kuwasha mnavyovijua, vile vyenye nywele, ni ukoo mwingine, hivyo ndo vya kumkataza mtoto asiguse. Hiki ukikibughudhi kinagonganisha meno "tik tik tik" na kutupa kichwa pembeni, ni vitisho tu. Kinakula wiki tatu nne hivi kutegemea joto, halafu kinashuka kwenye udongo, kinachimba shimo kwenda chini sentimita 15 mpaka 40, kinajitengenezea chumba, kinageuka pupa (ndo hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo) ya rangi ya kahawia kama kokwa la tende kubwa. Halafu mvua zinalainisha ardhi na siku moja usiku kinatoka chini ya ardhi kitu kilicholowa, kinapanda ukutani kusubiri mabawa yajae na kukauka. Ukutani kwa nani? Kwako, juu ya karo. Nimesema hivyo kwa sababu kwenye picha ya kwanza yale manyoya ya mgongoni yamejaa yote, fuvu halijafutika hata mahali, kingo za mabawa hazijachanika popote. Nondo aliyezunguka sana huwa amechakaa kama daladala. Huyu ni mpya, kwa kumwangalia ni wa siku moja au mbili, na sioni ajabu akiwa kazaliwa hapohapo chini ya asmini wako. Yaani mnamwita mgeni kumbe ni mwenyeji wa hapo nyumbani.

Kuhusu ule unga. Ni magamba, madogo sana, yamepangwa juu ya mabawa kama vigae, ndo yanayompa rangi. Ukimshika yanabaki kwenye vidole. Yakiingia machoni yatakereketa kama vumbi lolote, utaosha kwa maji safi na yataisha, hamna upofu hapo. Nami utotoni niliambiwa hivyohivyo, na wala usimcheke jirani. Cha kuangalia kidogo labda ni miguu yake, ina vijimiba vya kung'ang'ania, ukimshika akijivuta utasikia kama paka mdogo amekukwaruza. Mafuta ya taa nakuomba sana usimwagie, hata kama humwonei huruma yeye, hapo ni karoni, mtoto anachezea hapo, mafuta ya taa ni hatari kwake kuliko nondo elfu moja.

Kwa mama mkwe uende taratibu. Usiende kumwambia "mtaalamu kasema unaongea uongo", utaharibu nyumba kwa ajili ya mdudu. Mwambie tu hata Wazungu walimwogopa hivyohivyo, tena kuliko sisi. Huko Ulaya kwa miaka mingi akiingia ndani walisema kuna mtu atakufa. Bwana Linnaeus wa Sweden aliyempa jina mwaka 1758 alimwita atropos, na Atropos katika hadithi za Wagiriki wa kale ni yule mwanamke anayekata uzi wa uhai wa mtu, na hilo jina la mbele Acherontia alilopewa baadaye linatokana na mto wa kuzimu. Yaani wasomi wenyewe wakishika kalamu walikuwa wanatetemeka. Na wengine wakamwona hata pale ambapo hayupo: mwaka 1889 mchoraji Vincent van Gogh akiwa amelazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kusini mwa Ufaransa alimchora nondo mkubwa, akamwandikia mdogo wake kwamba ni yule wa fuvu. Ukiuangalia mchoro ni nondo mwingine kabisa, wa ukoo mwingine, mwenye macho manne kwenye mabawa. Nikikumbuka ile kesi yangu ya Pangani huwa najifariji na hii.

Eti mbona anafika Ulaya? Anaruka, mwanangu. Wanaoonekana huko kaskazini kila mwaka ni wale waliotoka Afrika na pande za Mediterania, au watoto wao. Mwaka 2022 kuna watafiti walichapisha kazi, waliwabandika nondo hawa vijiredio vidogo mno, wakawafuata usiku kwa ndege ndogo kwenye milima ya Alps, wakawafuatilia mpaka kilometa 80, na walikuta jamaa ananyoosha njia, upepo ukibadilika anarekebisha anarudi kwenye mstari wake. Kilometa 80 ni kama kutoka hapo kwako kwa barabara mpaka ukaribie Korogwe, kwa mabawa yanayozidi kiganja kidogo tu. Waja leo waondoka leo, ya kwetu ya Tanga kabisa hiyo.

Basi kazi ya leo. Subiri magharibi iingie na giza likae vizuri, manake huyu ni wa usiku. Zima taa ya uani, manake taa itamvuruga na atazunguka kwenye balbu mpaka achakae au mjusi amle. Funua beseni halafu rudi hatua mbili. Hataruka mara moja. Utaona anaanza kutetemeka mwili mzima kama simu iliyowekwa kwenye mtetemo, usidhani anakata roho, anapasha moto misuli, misuli yake ya kurukia inataka joto kama la mwili wako ndo ifanye kazi. Inaweza kuchukua dakika moja, inaweza kuchukua tano. Ukimmulika na tochi kwa pembeni macho yatawaka mekundu kama makaa, na hilo nalo usikimbie, ni mwanga unarudi tu kama kwenye macho ya paka. Halafu atanyanyuka na utasikia mvumo. Ukitaka mwite mama mkwe aone kwa mbali, mimi watu wengi nimewaona wakilainika hapo. Nilikaa miaka Amani huko juu milimani nikiwasha taa mbele ya shuka jeupe usiku kucha kuhesabu nondo, na kina mama waliokuwa wananiona kama mwendawazimu ndo walikuwa wa kwanza kuja na vigoda.

Kesho asubuhi angalia chini ya asmini na kwenye sufuria ya ngogwe. Usianze kutafuta kiwavi, hutakiona, rangi yake na ya jani ni moja. Tafuta kinyesi. Kama kuna kiwavi kikubwa juu utakuta chini punje nyeusi kama pilipili manga nzima, ukiisogeza karibu na macho utaona ina mifereji ubavuni kama pipa dogo. Ukizikuta inua macho moja kwa moja juu ya hapo. Kwenye asmini kiache, asmini wako ni mkubwa hautadhurika. Kwenye ngogwe kitakumalizia mche wote kwa siku chache, hapo uamue mwenyewe, mimi ngekiachia, ngogwe za sokoni rahisi, ila najua sio wote tuna kichaa hiki. Sumu usipige, maua ya asmini mnayavaa karibu na pua.

Ukikikuta nipigie picha tatu: moja kwa juu, moja ubavuni kile kijipembe kionekane, na moja ya jani kilipokaa. Na kiberiti tena, ila safari hii kiweke, usikirushe.